Linanuka likishasimama

Jumapili usiku

Gari la milango miwili lililolala chini halina haki ya kunuka mpira. Likinuka tu, watu wameshahukumu: mwenyewe kachoma tairi makusudi. Mlinzi wa getini kwetu siku hizi hata habari za kazi haniulizi. Ananusa, anacheka, anasema, "Dada, leo umelichezesha." Nami natoka sokoni na nyanya zangu, sijavuka hata spidi ya 60.

Naandika leo kwa kuwa kero yenyewe imekwisha, angalau nusu yake, na nataka niiweke ilivyokuwa kabla sijaanza kuipamba.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la 2002, injini mbele, linavuta kwa nyuma, gia za mkono. Limepita mikono kadhaa kabla ya kunifikia, na mmoja wa walionitangulia alikata springi ili likae chini zaidi. Anayeendesha Dar es Salaam anayajua matuta yetu. Huyo bwana alikuwa anatafuta sifa, si usafiri.

Harufu niliishika vizuri njia ya Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwa gari kama hili sijui barabara tamu kuliko ile, na nilikuwa nafaidi. Kaka yangu yuko pembeni, kiti chote kimejaa yeye, mabegi yako nyuma. Karibu na Soni, katikati ya kona, tukasikia harufu ya mpira, wazi kabisa. Kaka akasema klachi. Tulipoegesha Lushoto mjini ikaja tena, nzito zaidi, ya kukwaruza koo, ikipenya pembeni mwa boneti. Kaka akasema, "Si nilikwambia? Klachi."

Kila mtu ana ugonjwa wake anaoupenda. Kaka anapenda klachi kwa sababu yake iliwahi kumfia kwenye foleni ya Ubungo. Muuza vipuri wa Gerezani alisema mkanda, na mikanda alikuwa nayo imetundikwa nyuma ya kichwa chake. Kijana wa tairi alisema tairi. Mwenzangu kazini alisema ni plastiki iliyoyeyukia kwenye eksozi, na hilo sikulidharau. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini vile vifungashio vyembamba bado vinapeperuka barabarani, na kimoja kikigusa bomba la moto kinaganda na kunuka kila ukitembea, mpaka kiishe kuungua. Nililala chini ya gari na tochi. Hamna kitu.

Klachi niliiondoa mapema. Unatafuta barabara tambarare isiyo na watu, unaweka gia ya juu kwenye mwendo mdogo, unakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukiruka huku gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Langu lilijikokota, likalalamika, likachanganya taratibu kama inavyotakiwa. Kwa breki, nilisogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kalipa (kile kifaa kinachobana breki) iliyong'ang'ania huchemsha gurudumu lake peke yake, na mimi joto la kushoto na kulia lilikuwa linalingana. Mkanda unaoteleza ungeacha unga mweusi kuzunguka pulei, na ungepiga kelele kiyoyozi kikiwashwa, maana kompresa inaulemea. Sikuona unga, sikusikia kelele. Kitu nilichokiogopa kweli ni waya. Insulesheni ya waya, ule mpira unaoufunika, ikiungua inachoma pua, na hapo hakuna kuchunguza huku unaendesha: unazima gari, unatoa kichwa cha betri, unakaa mbali. Bahati njema, haikuwa hiyo.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja fundi, Ilala, gereji isiyo na hata kibao. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza ukali wa harufu, inavyokaba, inavyoshika nguo. Akanikatisha.

"Marahaba, mwanangu. Inanuka wakati gani?"

"Jioni sana sana, nikirudi kazini."

"Nauliza gari likiwa linakwenda, au likishasimama?"

Nikasema likishasimama, kama dakika mbili tatu hivi baadaye. Halafu nikaikumbuka ile kona ya Soni. Pale tulikuwa tunakwenda. Nikamwambia zote mbili. Akafuta mikono na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema, "Basi hizo ni harufu mbili. Tuanze na ya kusimama."

Nimelitafakari sana jambo hilo. Wote tuliokuwa tunabishana, mimi nikiwemo, tulikuwa tunatafuta mkosaji mmoja anayeelezea kila kitu, kwa sababu pua ilikuwa inatuletea jina moja. Na pua ina sababu yake. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa unakuwa imara, mpira unatiwa salfa, wa matairi ukiwemo. Lakini salfa imo pia kwenye kemikali zinazotiwa ndani ya oili ya injini kulinda vyuma visilane, imo kwa wingi zaidi kwenye oili ya difu na giaboksi, na grisi nyingi za joint zinayo. Kimojawapo kikidondokea chuma cha moto, moshi wake unafanana na wa tairi. Pua inakutajia ukoo, haikutajii mtu.

Kilichobaki kumtambulisha mtu ni wakati. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unapita ndani ya boneti na kufagia moshi wote kabla haujakufikia. Ukisimama na kuzima, upepo unakatika, lakini manifoldi ya eksozi, yale mabomba ya moshi yanayoanzia kwenye injini, bado ina joto la mamia ya nyuzi, na maji hayazunguki tena kupoza injini. Kwa dakika kadhaa joto la mle ndani linapanda badala ya kushuka. Tone la oili ambalo barabarani lilikuwa linatoka moshi kidogo kidogo, sasa linakaangika mahali pamoja, na moshi unapanda hadi kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. Ndiyo maana mlinzi ananusa kabla yangu: mimi bado niko ndani napanga mifuko, yeye amesimama mbele ya boneti.

Kijana wa pale gereji alitaka kuosha injini kwa petroli, nayo bado ya moto. Mzee alimtazama tu, yule kijana akarudisha dumu. Tulisubiri ipoe, ikasafishwa kwa sabuni na brashi, ikakaushwa. Kisha mzee akatoa kitu ambacho sikukitarajia kwenye sanduku la spana: poda ya mtoto. Akainyunyiza kuzunguka kingo za tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, mbele, nyuma na pembeni, mpaka injini ikawa nyeupe. "Nenda Posta urudi." Nikaenda na kurudi na foleni zake zote. Alipofungua boneti, poda ilikuwa kavu kila mahali isipokuwa kona ya nyuma, upande wa eksozi, ambapo mstari wa kahawia ulikuwa umejichora kuteremka moja kwa moja juu ya manifoldi. Hapakuwa na cha kubishana tena.

Gasketi, ule mpira unaoziba ukingo wa kava, ilipotolewa haikukunjika, ilikatika vipande. Mpira wa gasketi ukipikwa na joto miaka yote hiyo unakuwa mgumu, unaacha kujibana kwenye chuma. Injini kama yangu ina nafuu, kava liko juu. Zile injini za boksa za Subaru na Porsche silinda zake zimelala ubavuni na eksozi iko chini yake, kwa hiyo oili ikitoka kwenye kava inashuka kwenye moto bila hata kujitafutia njia.

Kulikuwa na ushahidi wa fundi aliyepita kabla: silikoni imepakwa mzunguko mzima, nene, imefura hadi kwa ndani. Hili linaniudhi kuliko kuvuja kwenyewe. Silikoni ya ziada inamenyeka, inaanguka ndani ya oili, na inaweza kwenda kuziba chujio la pampu chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Ukikosa oili hapo, umepoteza injini kwa kuokoa bei ya gasketi. Mzee alikwangua yote, akaweka silikoni kidogo kwenye zile kona tu ambapo vyuma viwili vinakutana, akafunga boliti kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi. Ni boliti ndogo, zinataka kama Nm 10 tu. Ukizikaza kwa hasira unaiponda gasketi mpya siku hiyo hiyo.

Aliniambia itaendelea kunuka siku kadhaa, maana oili iliyokwishanywewa kwenye ngao ya joto lazima iungue iishe. Ikawa hivyo. Nilivyokuwa na wasiwasi, nilikuwa nafungua boneti kila nikifika, na kila mara harufu ilikuwa imepungua, hadi ikabaki ile ya injini ya moto tu.

Harufu ya pili mzee aliifuata kwa njia ya kuchekesha. Alituketisha ndani mimi na kijana wake, naye mwenyewe akaukalia ukingo wa buti ili gari lizame nyuma. Akachungulia kwa tochi: tairi la nyuma la kushoto limeng'arisha plastiki ya ndani ya fenda kama kioo, na begani mwa tairi kuna mstari laini uliolika. Upande wa abiria. Nikiwa peke yangu haligusi. Nikiwa na kaka na mabegi, kwenye kona ya kulia iliyokaza, uzito unahamia kushoto, springi iliyokatwa inazama, tairi linasugua. Huo ndio ulikuwa mpira kweli.

Springi za asili zimeagizwa. Nimempigia kaka kumwambia tusingoje ziwasili kama anataka kwenda Lushoto mwezi ujao; apande basi. Amenuna, na bado anasema ni klachi.