Siku moja maishani mwangu: mtu wa vidukari

Saa 11 alfajiri niko macho, saa 12 pampu imeshapakiwa. Tunawahi kwa sababu ya upepo: ukianza kuvuma, unachorusha juu ya mti kinaishia madirishani mwa watu. Wengi wakisikia natibu miti hudhani nashinda nikimwaga sumu. Kumbe muda mwingi nageuza majani, jicho kwenye lenzi ndogo.

Saa 1. Leo ni safu ya milindeni, miti mirefu ya nchi za baridi, kando ya maegesho, wa kwanza una urefu wa mita kama 20. Nafunga mkanda, napanda. Migongo ya majani imejaa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Majira haya kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai, na watoto wenyewe wanazaliwa tayari wana vijusi tumboni. Ukiua tisa kati ya kumi, subiri kidogo utawakuta wamerudi kamili. Ila nimeona pia waliovimba na kukauka, rangi ya kahawia. Hao ndani yao kuna nyigu wadogo mno wanaowala. Wafanyakazi wenzangu, nao hawalipwi.

Saa 2 naosha majani kwa maji ya nguvu. Kidukari akishang'olewa, mara nyingi harudi juu.

Saa 3 akaja mwenye gari jeupe.

"Fundi, huu mti unalia utomvu, unaniharibia rangi." Akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa, akakionja. Nilichelewa kumzuia. Nikamwambia taratibu kwamba si utomvu wa mti, ni kinyesi cha vidukari. Wanafyonza maji matamu ya jani, sukari ikizidi wanaitoa nyuma, nayo inadondoka kwenye gari lako, kisha inaota ukungu mweusi kama masizi. Alitema mate kwa muda mrefu sana.

"Basi pulizia dawa wafe wote!"

Nikamwonyesha maua, na nyuki waliokuwa juu yake. Nikamsimulia habari ya mji wa Wilsonville, jimbo la Oregon, Marekani. Juni 2013 milindeni ya kwenye maegesho kama haya ilipuliziwa dinotefurani, dawa ya kuua wadudu, ikiwa na maua, kwa ajili ya vidukari hawahawa. Nyuki wakubwa wenye manyoya wapatao 50,000 wakafa, wametapakaa kwenye lami.

"Hao nyuki watanilipia rangi?"

Akataka mti ukatwe. Kisha akataka nusu yake ukatwe. Nikamweleza kwamba ukiupunguza sana utachipua machipukizi laini, na hicho ndicho chakula wanachokipenda vidukari. Akampigia bosi wangu simu, akaweka sauti kubwa nami nisikie. Bosi akasema, "Fundi, mhudumie mteja vizuri." Nilikuwa nimelowa hadi soksi. Saa nzima ikapita, na upepo nao ukaamka, mti wa tatu ukabaki haujaguswa. Nilimwomba kitu kimoja tu, asogeze gari. Akaniangalia kama nimemtukana.

Mchana nikawashughulikia sisimizi. Wanawalinda vidukari dhidi ya maadui ili wapate ile sukari, kwa hiyo unawafungia njia: kitambaa kuzunguka shina, gundi juu ya kitambaa, kamwe si moja kwa moja kwenye gome. Nilifunga miti minne nikijisifu moyoni. Nikainua macho, tawi limelala kwenye ukuta, na sisimizi wanapita hapo kwa mstari, wengine wanashuka, wengine wanapanda, kana kwamba sikufanya kitu. Ikabidi nipande tena na msumeno. Baada ya hapo sikutazama saa. Mabega yalikuwa yanawaka, glavu zimeganda kwenye kamba, na kila nilipokanyaga viatu vililia kwachu, kwachu.

Watu wanasema kazi yenyewe ni kumwagia miti maji. Sawa, waje washike mpira wa maji huku wananing'inia.

Nyumbani niliacha viatu nje. Simu ikalia. Picha: boneti jeupe, vitone vipya vinang'aa, na nyuma yake shina lenye kitambaa nilichokifunga mwenyewe mchana. "Fundi, bado."

Nikamjibu: "Wape wale nyigu wiki mbili tatu. Na gari, mkubwa, lisogeze."

Ameisoma.