"Minor infraction": kosa dogo lenye masharti yake

Gari limeegeshwa dakika kumi kupita muda uliolipiwa. Mwanafunzi kaja shuleni na soksi za rangi. Mfanyakazi kaingia ofisini bila kitambulisho shingoni. Kwa Kiswahili yote hayo tunayamaliza kwa maneno mawili, kosa dogo, na hakuna anayeuliza zaidi. Tatizo huanza pale ripoti inapotakiwa kwa Kiingereza na mwandishi akakimbilia "small mistake". "Mistake" ni kukosea: ulidhani hivi kumbe vile. Aliyevua kitambulisho kwa sababu kinamkera hakukosea, alijua anachofanya. Pakiwa na kanuni na kanuni hiyo ikavunjwa, kwa kujua au kwa kutojua, neno linalokaa ni "infraction". Na jambo likiwa jepesi, "minor infraction".

Neno limetoka kwenye Kilatini "frangere", kuvunja. Ndugu zake ni "fracture" ya mfupa na "fraction" ya hesabu. Sisi nasi tunavunja sheria, lakini pia tunaikiuka, na kukiuka asili yake ni kupita juu ya kitu bila kukikanyaga. Kiingereza kina picha hiyohiyo katika "transgression", yaani kupiga hatua kwenda ng'ambo. Ndiyo maana anayefikiri "ukiukaji" huvutwa kuandika "transgression". Asimamishe kalamu kwanza. Neno hilo linanukia mimbari na dhambi. Ukilitundika kwenye soksi za mwanafunzi unakuwa umempeleka kutubu.

Tuiangalie sentensi moja ya aina inayoletwa sana kwa mhariri:

"On Monday the staff did a small infraction to the company rules by not putting on ID."

Msomaji ataielewa, lakini kila hatua imekanyaga mwiba. "Staff" ni wafanyakazi wote kwa pamoja. Mmoja ni "employee" au "member of staff". "Did" imetoka moja kwa moja kwenye kufanya kosa. Kwa Kiingereza "mistake" hutendwa kwa "make", ila "infraction" hutendwa kwa "commit", kama uhalifu, hata ikiwa ndogo kama punje ya ulezi. "Small" haisikiki vizuri hapo. Mwenzake wa kawaida ni "minor". "To the rules" nayo inaanguka: ni "infraction of the rules". Utakutana na "against" mara mojamoja, lakini "of" haitakuangusha. Mwisho kuna "putting on", ambalo hasa ndilo kosa la sisi tunaosema kuvaa kwa kila kitu. Kile kitendo cha kuingiza mkono kwenye shati ni "put on". Kuwa nalo mwilini ni "wear". Sisi tofauti hiyo tunaiweka kwenye kitenzi, anavaa na amevaa, wao wametenga maneno mawili. Ikinyooshwa:

"On Monday the employee committed a minor infraction of the dress code by not wearing an ID badge."

"Company rules" nimeibadili makusudi. "Infraction" hutaka kanuni inayojulikana, na kadiri unavyoitaja kwa jina ndivyo sentensi inavyopata nguvu. Mtu akikusalimia kwa ukavu hajatenda "infraction" yoyote. Huo ni ukosefu wa adabu tu.

Lile "a" la mbele lisidondoke. Neno hili linahesabika: "a minor infraction", "two minor infractions", "repeated infractions". Kwa kuwa Kiswahili hakina vijineno vya namna hiyo, "he committed minor infraction" humtoka hata mwandishi mzoefu. Kitenzi "infract" kipo kwenye kamusi, kibaki hukohuko. Andika "break the rule", "breach" au "violate".

Kuna mtego wa herufi ambao programu ya kusahihisha tahajia haitakuokoa. "Infarction", yenye "a" kabla ya "r", ni neno la hospitali: sehemu ya kiungo kufa kwa kukosa damu, kama inavyotokea kwenye moyo. Maneno yote mawili ni sahihi, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu utakaotokea chini yake, na dereva aliyepita taa nyekundu anageuka mgonjwa wa moyo katika ripoti yako. Kabla ya kutuma, tafuta "infar" kwenye hati nzima. Ni kazi ya sekunde tano.

"Minor" kwa asili tayari maana yake ni dogo zaidi, kwa hiyo hakuna "minor than". Ukitaka kushuka hadi chini kabisa kuna "the slightest infraction", lakini lipime kwanza. Mara nyingi huja na "even" na adhabu nzito pembeni yake: "Prisoners were beaten for even the slightest infraction." Kidole hapo kinaelekezwa kwa anayeadhibu. Mwalimu wa nidhamu akiandika hivyo kwenye taarifa yake mwenyewe, kajishtaki.

Majirani wa neno hili wana mashamba yao. Hakimiliki, hataza na alama za biashara hutumia "infringement". Mkataba huvunjwa kwa "breach". "Peccadillo", yenye asili ya Kihispania, ni kijidhambi cha tabia ya mtu binafsi, haina kazi kwenye maegesho.

Palipo na hatari ya kweli ni kwenye sheria, kwa sababu neno linabadilika ukivuka mpaka. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zina makundi mawili: "felony", ambalo kwa kawaida ni kosa la kifo au kifungo cha miaka 3 na kuendelea, na "misdemeanour", yaani kosa lolote lisilokuwa "felony". Kundi la tatu liitwalo "infraction" halimo. Ukiandika habari ya mchuuzi aliyekamatwa Nairobi au Dar es Salaam, tumia "petty offence" au "minor offence". Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitumia "petty offences" kwenye misingi yake ya mwaka 2017 ya kuyaondoa makosa hayo kwenye jinai, na kanuni za trafiki za Kenya za mwaka 2016 zina "Minor Offences" kwenye jina lake.

Marekani ni kinyume. Huko "infraction" ni daraja rasmi chini ya "misdemeanor". Kwa sheria ya shirikisho ni kosa ambalo kifungo chake hakizidi siku 5, au halina kifungo kabisa. California haina jela kwa kosa la namna hiyo, na mshtakiwa hana haki ya kesi yake kuamuliwa na jopo la raia. Kwa hiyo anayemtafsiria Mswahili wa huko karatasi ya trafiki asigeuze "infraction" kuwa "kosa la jinai" akamkosesha usingizi, wala anayemjazia fomu asiandike "misdemeanor" kwa kuwa tu Kiswahili chake kilisema kosa dogo. Fomu haitajua kwamba yalikuwa maegesho.

Kisha kuna barua ya kujieleza. Hapa "minor infraction" ni sahihi kisarufi na ni mbaya kwa mwandishi. Udogo wa kosa hupimwa na mwenye kanuni. Mkosaji akiupima mwenyewe anaonekana anajipunguzia adhabu kabla hajaombwa maelezo. Badala ya "I apologise for my minor infraction of Monday", taja tendo, muda na ulichopaswa kufanya: "I apologise for arriving forty minutes late on Monday without informing my supervisor." Neno "minor" mwachie bosi aliandike kwenye jibu, kama ataona linafaa.