Siku moja na kinamama wa alizeti, Mkalama

Saa 12 asubuhi. Msimu wa kukamua alizeti huku kwetu Mkalama, Singida, simu huanza kuita kabla sijanawa uso. Leo ni mweka hazina wa kikundi cha kinamama: "Mwanangu, usitupite. Magunia tumeshayatoa nje." Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Pikipiki ninayo, mafuta ya kuiendesha ni habari nyingine.

Saa 2. Ofisini nawakuta vijana watano na andiko la mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba, kwa hiyo kila mtu anautaka. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024, na sasa stationari haikosi andiko la kuuza. Hili linasema kuku 500 wa mayai. Nani amewahi kufuga? Kimya. Sasa hivi mnafanya nini? Wanatengeneza pikipiki chini ya mwarobaini, na foleni wanayo. Basi si mwandike hilo! Wameondoka wamenuna kidogo, ila andiko la kuku wameliacha mezani.

Saa 5. Nafika kwa kinamama, na hapa ndipo siku inapoishia karibu yote.

"Kukamua hatulipi," mwenyekiti ananiambia kwa fahari. "Mwenye mashine anabaki na mashudu, basi."

(Mashudu ni makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua.) Naomba mizani na daftari. Gunia lina kilo 65. Tunalifuata mashineni: mafuta lita 18, mashudu kilo 45. Wafugaji wa hapa wananunua mashudu kwa shilingi 500 kilo. Zidisha: 22,500. Mashine ya kijiji cha pili inakamua gunia kwa 7,000 taslimu. Mweka hazina anarudia hesabu kwa kalamu yake mwenyewe, kisha anamtazama mwenyekiti. Sina haja ya kuongeza neno. (Semina za ujasiriamali nilizokaa huanza na dira na maono. Sijawahi kuona dira ikilipa mashine.)

Tunabishana pia kuhusu chupa. Wanapanga mafuta juani kando ya barabara kuu, kutwa nzima, na jua huyaharibu upesi. Nasema yawekwe kivulini. "Dereva asipoyaona atasimama vipi?" Wana haki. Tunakubaliana chupa mbili zikae juani za kuonyesha tu, zisiuzwe, nyingine zote chini ya turubai.

Saa 9 alasiri. Wali maharage, halafu binti anayesindika siagi ya karanga. Duka moja la mjini limemwambia bila nembo ya TBS, shirika la viwango, halipokei. Namwelekeza aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, apate barua ya utambulisho, ndipo aende TBS. Anauliza kama lebo yake nzuri haitoshi. Ni nzuri kweli, lakini haina tarehe ya kuisha muda.

Saa 3 usiku. Mwenyekiti anapiga. Wamezungumza na mwenye mashine yao: amekubali 7,000 na mashudu yabaki yao, ila anataka magunia kumi kwa mkupuo. Wao wanayo saba. Namwambia kesho apite kwa kikundi cha ng'ambo ya mto, wale wana manne hayajakamuliwa.

"Wale hatusalimiani," anasema.

"Msalimiane kesho, mama."