Yule chale wa jana Mkunguni

Jana usiku pale uwanja wa Mkunguni, hapa Lamu, mbele ya Ngome vijana waliigiza, na wallahi aliyebeba mchezo wote ni yule mjinga, kanzu yamfika magotini, kofia kaigeuza. Tajiri wake akamuuliza, "Nimekutuma samaki, mbona waniletea magamba?" Akajibu, "Bwana, na mshahara ulonipa ulikuwa magamba." Watu wakalipuka! Mamangu alicheka mpaka akajipangusa machozi na buibui.

Mie nahisi twampenda kwa sababu anasema lile sisi sote tumelimeza, na kwa vile aonekana hana akili hakuna wa kumkasirikia. Ndo mambo ya Abunuwasi hayo, tulosimuliwa na bibi zetu tukiwa wadogo. Hata Shakespeare aliijua siri hii, kwa mchezo wake King Lear binti mdogo wa mfalme afukuzwa kwa kusema kweli lakini chale amwambia mfalme waziwazi kuwa mjinga ni yeye mfalme, na aachwa aendelee, tena ndiye anayemfuata mfalme kwenye dhoruba, hapo mie hunigusa sana.

Leo asubuhi watoto wa mtaani wote kofia wamezigeuza.