Jinsi Nilivyoacha Kupoteza Meli Zangu Usiku Katika OGame

Nilipoanza kucheza OGame, mchezo wa mtandaoni wa kujenga sayari na kupigana kwa meli za angani, nilipewa ushauri na mchezaji aliyejiita mkongwe: jenga virusha roketi vingi kadiri uwezavyo, kisha ulale bila wasiwasi. Nilijenga, nikalala, nikaamka fukara. Ninaandika haya kwa sababu bado ninaona wageni wakipewa ushauri uleule, tena kwa kujiamini kulekule, na kila nikiusoma damu inanichemka.

Mchezo huu umekuwapo tangu mwaka 2002 na huchezwa ndani ya kivinjari. Jambo lililonichukua muda kulizoea ni kwamba saa yake haisimami unapoondoka: migodi huendelea kuchimba, na majirani huendelea kukuchungulia. Siku za mwanzo hazina mengi ya kueleza. Panda migodi ya metali na fuwele, na usiutangulize mgodi kabla ya umeme wake. Mimi nilikaa siku mbili nikilalamika kwamba mgodi mpya hauzalishi kitu, kumbe mitambo ya jua ilikuwa imezidiwa na migodi yote ilikuwa ikifanya kazi nusu nusu. Meli ndogo za mizigo, ambazo kila moja hubeba malighafi 5,000, zilinilipa haraka kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa nilizituma kwa wachezaji wenye alama ya i, yaani waliotoweka kwa zaidi ya siku 7. Ukimkuta mtu wa aina hiyo hana ulinzi, unaondoka na nusu ya akiba yake, na kesho unarudi.

Basi nikatajirika, au nilidhani hivyo. Nilikuwa na ndege nyepesi za kivita 40, meli za mizigo 12, na virusha roketi 60 nilivyojenga kwa kumsikiliza yule mkongwe. Kirusha kimoja hugharimu metali 2,000, kwa hiyo vyote vilikula 120,000, na mgodi wangu wa ngazi ya 10 ulikuwa ukitoa takribani 800 kwa saa. Hesabu ya siku sita na zaidi za uchimbaji sikuifanya wakati ule.

Jioni moja niliona kando ya sayari yangu uwanja wa mabaki wenye fuwele 300. Ripoti ilisema kwamba chombo cha upelelezi cha jirani kilikuwa kimetunguliwa na meli zangu, nami nikafurahi kama mtoto. Nilijiona nina jeshi linalolenga shabaha. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye pointi nyingi kuliko zangu apeleke chombo kimoja peke yake, bila haraka, kwenye sayari iliyojaa ndege. Kumbe alikuwa akitafuta hayo mabaki hasa. Meli za kukusanya mabaki haziwezi kutumwa mahali pasipo na mabaki. Alihitaji kijisehemu cha kuanzia ili meli zake ziwe njiani mapema na zifike mara tu baada ya vita, kabla sijafumbua macho.

Alikuja na kruza, manowari ambazo zikiifyatua ndege nyepesi au kirusha roketi mara nyingi hupata nafasi ya kufyatua tena na tena katika raundi hiyohiyo. Yaani kila nilichokuwa nacho kilikuwa chakula chake. Vita vya OGame huenda hadi raundi 6. Vyangu vilikwisha katika ya 3. Asubuhi niliisoma ripoti ile mara nne. Metali aliyoichukua ghalani haikuwa kitu. Faida yake ilikuwa meli zangu zenyewe, kwa sababu asilimia 30 ya metali na fuwele zilizotumika kuziunda iligeuka mabaki: metali 43,200 na fuwele 19,200, zikabebwa zote na meli nne tu za kukusanya. Virusha roketi havikumletea mabaki yoyote, na kwa kuwa kila kilichovunjwa kina nafasi ya asilimia 70 ya kujijenga upya, 43 vilirudi vikasimama pale pale, vikilinda sayari isiyo na kitu.

Nilipomweleza mkongwe, akasema ningejenga 200. Tangu siku hiyo sijamuuliza neno.

Nilichokielewa kutokana na ripoti ile ni kwamba mtu haji kwa sababu ulinzi wako ni dhaifu. Anakuja kwa sababu amehesabu akaona meli zako zitamlipa kuliko atakachopoteza. Zikiwa hazipo nyumbani, hesabu yake inavunjika. Meli zilizo angani haziwezi kupigwa, na mizigo iliyo ndani yake haiwezi kuibwa. Kwa hiyo nilipounda meli nyingine nilianza kuzituma safari kila usiku, zimebeba metali, fuwele na deuteriamu (ndiyo mafuta ya meli) yote, kwa mwendo wa asilimia 10, ambao ni wa polepole kabisa na hautumii mafuta mengi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la aibu. Nilizituma saa nne usiku kwenye nafasi ya jirani katika mfumo wetu wa jua, nikidhani polepole ni polepole. Kwenda na kurudi kulichukua saa tatu na nusu. Saa saba na nusu usiku zikawa zimesharejea, zikatua sayarini na mizigo yote kana kwamba zimeandaliwa kwa mgeni, na mimi ninakoroma. Vyombo vya upelelezi vilipita mara tatu usiku ule na sijui ni kwa bahati gani hakuna aliyefuatia. Mafuta nayo usiyasahau: usiku mmoja nilikuwa nimeimalizia deuteriamu yote kwenye utafiti, na meli zikabaki chini huku nikikesha kuzilinda kwa macho.

Ndipo nikaugeuza ujanja wa adui yangu uwe wangu. Nilihama nafasi za karibu nikatafuta, kama mifumo 30 kutoka kwangu, sayari ya mchezaji mwenye mizinga ya kutosha, nikaishambulia kwa chombo kimoja cha upelelezi. Kikatunguliwa, kama nilivyotaka, na pakabaki fuwele 300 zikielea. Fuwele hizo sikuzihitaji. Nilihitaji mahali pa kuelekea. Nikaweka meli moja ya kukusanya mabaki ndani ya msafara, nayo huenda taratibu kuliko nyingine zote na kuzilazimisha zote zifuate mwendo wake, kisha nikaagiza ukusanyaji. Kwa injini za kiwango changu, kwenda na kurudi kulikuwa saa nane na dakika chache. Skrini ya kutuma meli hukuonyesha muda wa kurudi kabla hujabofya, na ninashangaa ni wageni wangapi wanaobofya bila kuusoma. Tena, ukibadilisha mawazo unaweza kuziita meli zirudi, nazo hutumia muda uleule zilioutumia kwenda.

Virusha roketi vyangu 43 sikuvibomoa, kwani vinamfukuza mwizi mdogo mwenye meli mbili za mizigo. Sikuongeza hata kimoja.

Yule jirani alirudi baada ya siku kumi hivi. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba alipeleleza saa tatu na dakika hamsini usiku, akaona meli zote zimetulia, akaja na kruza zake saa tisa. Mimi nilikuwa nimezituma saa nne kamili. Alikuta virusha roketi na kile ambacho migodi ilichimba kwa saa tano, akachukua nusu yake, metali elfu mbili na ushee, ambayo nadhani haikufidia deuteriamu aliyoichoma njiani. Meli zake za kukusanya hazikupata kazi.

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Msafara wangu ulikuwa umebakiza dakika sita, nikakaa mbele ya skrini nikizihesabu.