Mtama uliopoteza jeni ukapona kiduha

Mkulima wa mtama anapokiona kiduha kimetoa maua yake ya zambarau, hasara imeshaingia. Gugu hilo hukaa chini ya ardhi kwa majuma kadhaa likiwa limejishikiza kwenye mizizi ya mtama na kufyonza maji na chakula chake, hata mmea ukadumaa na majani yakanyauka ilhali mvua imenyesha. Si ajabu kwamba wapo wanaolihusisha na uchawi.

Kinachonishangaza zaidi ni mbegu yake. Ni kama vumbi, haifiki nusu milimita, na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Kwa kuwa akiba yake ya chakula ni ndogo mno, ikiota mbali na mzizi hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo husubiri dalili ya kuwa mzizi uko karibu. Dalili hiyo ni kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mtama wenyewe huzitoa mizizini, hasa kwenye udongo uliochoka na wenye fosforasi haba, ili kuwaita kuvu wa kuusaidia kuipata fosforasi hiyo. Kiduha hudukiza wito ambao haukuwa wake.

Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwamo Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya mtama unaostahimili kiduha, lilieleza siri ya baadhi ya mitama hiyo. Jeni iitwayo LGS1 imeharibika au imepotea kabisa. Matokeo yake, badala ya mizizi kutoa kwa wingi strigolaktoni inayoamsha kiduha, hutoa nyingine, orobankoli, ambayo mbegu za gugu haziiitikii sana. Tumezoea kufikiri kwamba mmea hupata kinga kwa kuongezewa kitu, kumbe hapa umeipata kwa kupungukiwa.

Je, kwa nini basi mitama yote ya Afrika haikuiacha jeni hiyo, na zao hili limeishi na kiduha barani humu kwa maelfu ya miaka? Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba jeni zilizoharibika hupatikana zaidi katika maeneo yanayosumbuliwa na gugu hilo, lakini hata huko hazijaenea kwa mitama yote, na dalili zilizopo ni kwamba kuikosa LGS1 kuna gharama kwa ukuaji na kwa usanisinuru. Palipo na kiduha kingi gharama hiyo inalipa. Pasipokuwapo, naona ni hasara tupu. Ndiyo sababu sipendi kusikia mbegu moja ikinadiwa kuwa inafaa kila wilaya.

Tena kiduha chenyewe hakijakaa kimya. Aina inayoshambulia sana mtama, Striga hermonthica, haijichavushi yenyewe, hivyo kila msimu huchanganya jeni upya, na katika mbegu zilizolala shambani huenda zimo chache zinazoiitikia orobankoli. Kwa hiyo wazalishaji wa mbegu hutafuta pia kinga nyingine, kama ile ya mizizi inayolizuia gugu lisipenye hata likishaota.