Siku yangu chini ya basi la Kisaki

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua kufuli la kontena, natoa jeki, mitungi ya gesi na maboksi ya spana. Gereji yetu ni mwarobaini mmoja, kontena moja na uwanja wa udongo ulioshiba oili, hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Wapita njia wanatuona tumejinyoosha chini ya magari, na wapo wanaoamini kweli tumelala.

Saa 1 hadi saa 3: breki za Noah, feni belti ya Canter, chai na chapati mbili. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa 3:10. Basi linaingia. Ni lile la njia ya Matombo hadi Kisaki, bodi la kuunga juu ya chesisi ya Isuzu, limezeeka hadi rangi ya kwanza haijulikani. Halijasimama bado, mimi nilishaujua ugonjwa. Dereva alikuwa anapeleka usukani kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayepepeta mchele, na basi lenyewe linakuja tu moja kwa moja.

"Kaka, hili gari siku hizi linajichagulia njia," akaniambia akishuka. "Nikifika 60 tunaanza kubishana. Tajiri kasema kaza ile skrubu ya stelingi boksi, saa 8 tunapakia."

Hiyo skrubu itaniua. Iko juu ya stelingi boksi, kile kikasha cha meno kinachogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kukata tairi, ina nati yake ya kuifunga, na wenye mabasi wengi wanaijua kwa sababu kuna fundi aliwahi kuikaza mbele ya macho yao, usukani ukatulia wiki mbili. Meno ya ndani ya boksi yanalika zaidi katikati, kwa kuwa muda mwingi gari linakwenda mbele. Sasa ukikaza mpaka mchezo wa katikati, yaani ule ulegevu, uishe, siku ya kukata kona yale meno ya pembeni, ambayo hayajalika, yanabana. Usukani unakuwa mzito, na ukiuachia haurudi. Mimi kwenye kona za Matombo ni bora unipe usukani unaocheza kuliko huo.

Nikampigia tajiri. Nikamwomba saa moja ya kuangalia kabla ya kukaza chochote.

"Fundi, wewe unataka kunitengenezea gharama."

"Bosi, gharama ipo tayari. Nataka kuiona imekaa wapi."

Akakata. Alipiga tena mara sita mchana ule, na kila mara simu ilikuwa mfukoni na mikono yangu imejaa grisi.

Kwanza gari likiwa chini, tairi zikiwa na mzigo wake, sikugusa jeki. Nikampandisha kijana wangu kwenye kiti cha dereva, injini inaunguruma. Tikisa kidogo kidogo, nikamwambia, usikate. Mimi nikaingia chini na kushika kiungo kimoja kimoja, kiganja kikiwa kimekamata pande zote mbili. Kiungo kikichoka mkono unasikia kabla ya jicho: upande mmoja unaondoka, wa pili unachelewa. Tairodi endi, viungo vya ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, zote mbili nzima. Dragi linki, ile fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda kukata tairi, kichwa chake cha upande wa boksi kinagonga kama jino bovu. Kisha nikalishika boksi lenyewe, nikacheka peke yangu chini kule. Boksi zima lilikuwa linasogea kwenye chesisi. Vumbi jekundu la kutu limezizunguka bolti kama wanja, na mbili kati ya nne nilizizungusha kwa vidole. Na skrubu ya tajiri? Ilishakazwa zamani hadi mwisho.

Ndipo nikapiga jeki. Unashika tairi juu na chini, unaitikisa. Zote mbili zilicheza. Mwite kijana akanyage breki, tikisa tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni kingpini, ile pini nene ya wima ambayo tairi la mbele linageukia juu yake. Kushoto ulipotea, kazi ya kukaza beringi. Kulia ulibaki pale pale.

"Huwa mnapiga grisi?" nikamuuliza konda.

"Kila Jumapili, fundi!"

Hakudanganya. Nipo ya juu, yaani kidomo cha kupigia grisi kwenye kingpini, ilikuwa inapokea. Ya chini ilikuwa imeziba kwa udongo uliokauka kama tofali, kwa hiyo grisi ya kila Jumapili ilikuwa inamwagika pembeni na bushi ya chini, ile bomba fupi inayoikumbatia kingpini, inasaga chuma kikavu.

Kuanzia hapo saa sizijui vizuri. Nakumbuka adhana ya Adhuhuri ilitukuta tumeshatoa tairi, habu na breki, na ile pini ndogo inayoifunga kingpini imetoka kwa shida. Kingpini yenyewe ikagoma. Nyundo ya kilo tano, mmoja anashika kipande cha shafti kama kitako, mwingine anapiga, huku umechuchumaa na nafasi ya kurusha mkono haipo. Tukaipaka dizeli, tukasubiri. Tukapiga. Tukawasha gesi, tukachoma chuma kinachoizunguka, tukapiga kikiwa cha moto. Kijana akakosea, nyundo ikapita kwenye kidole changu gumba. Hakusema pole, alikimbia! Saa 8 ikapita, konda akawahamishia abiria gari jingine pamoja na mikungu yao ya ndizi. Dereva alivua shati akaja kupiga na yeye. Ilipotoka ilitoka ghafla, ikaangukia udongoni kimya, upande mmoja imelika hadi ukipitisha kucha unasikia ngazi.

Wali maharage wa mama ntilie niliula umepoa, nimesimama.

Bushi mpya ziliingia, zikapitishwa rima, kifaa cha kukwangua tundu hadi litoshe sawasawa, taratibu. Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Kingpini mpya lazima iingie kwa kusukumwa na mkono ikiwa na grisi, isihitaji nyundo, na isidondoke yenyewe. Tulijaribu, tukatoa, tukapitisha rima tena, mara nne. Kichwa kipya cha dragi linki, bolti mpya za boksi, skrubu nikailegeza mpaka pale inapostahili. Nipo mpya pia, na konda nikamwita aone grisi ikichungulia juu na chini.

Jua lilishazama nyuma ya miti tulipopima tairi za mbele kwa chaki na futi kamba, tukiegemea tochi ya simu. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita mbili tatu.

Tukaenda kulijaribu barabara ya Dodoma, mimi nimekaa juu ya kava la injini. Dereva alishika usukani kwa mikono miwili kwa mazoea, akapeleka kushoto kidogo, basi likaenda kushoto. Akashtuka, akarudisha.

"Mbona umekuwa mzito?"

"Bushi mpya. Na ulizoea kuzungusha hewa."

Saa 3 usiku tajiri akatuma nusu ya pesa ya ufundi kwa simu, nusu nyingine kesho. Zile bushi kuukuu na kingpini nimezifunga kwenye gazeti, zipo kwenye kontena. Akija kulalamika kesho nitampa azipitishie kucha.